Dawa Iliyomkataa Mama

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimelisahau. Tangu nikiwa darasa la tatu nilikuwa mkalimani wa nyumba yetu. Akija bwana shamba, akija karani wa sensa, akija mtu yeyote mwenye Kiswahili cha haraka, mimi ndiye niliyesukumwa mbele. Mama alikuwa na Kiswahili chake cha kuuzia vitunguu saumu mnadani na cha kujibu salamu kanisani, na kilimtosha. Wageni ndio hawakuwa na subira nacho. Nilipokua, mimi pia nikaishiwa subira. Nikawa mwalimu, nikapangiwa Mogitu, chini ya mlima Hanang, na kila likizo nilipopanda kurudi nyumbani upande wa Nambis nilikuta kazi yangu ya ukalimani inanisubiri. Niliifanya bila hata kufikiri.

Likizo moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa ile yenyewe ya kwetu, nilimkuta mama ana homa na anaumia akienda haja ndogo. Alikuwa ameficha wiki nzima. Mama yangu ni mtu wa kuficha ugonjwa, anaona kuumwa ni kusumbua watu. Nikamwambia, leo tunakwenda zahanati, hakuna cha kesho. Akavaa gauni la Jumapili, akachukua kikapu chake, tukaenda.

Zahanati ya kijiji ilikuwa na nesi mmoja aliyetoka Lindi. Watu wote walimwita Sista. Alikuwa binti wa Kiislamu, anavaa ushungi chini ya koti la sufu, na ndiyo maana mzee mmoja alimuuliza siku za mwanzo anatoka utawa gani. Akajibu, "Utawa wa mume mmoja, babu, naye bado hajapatikana." Kijiji kilicheka mwezi mzima. Alifika kwetu na masanduku mawili na hana hata sweta moja. Wanawake walimwona asubuhi amevaa soksi ndani ya kandambili, wakamwonea huruma, wakampelekea koti hilo. Wakati huo sikumjua zaidi ya hapo. Kwangu alikuwa mtumishi mwingine aliyeletwa, atakayehama kabla hajajua njia ya kwenda kisimani.

Foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa nimeacha maharage jikoni. Tulipofika dirishani, Sista alimwamkia mama vizuri, shikamoo kamili, akamwuliza anaumwa nini, akamsikiliza mpaka mwisho. Akaandika kwenye daftari la mama. Halafu kalamu ikiwa bado juu akauliza, "Mama, una mzio wowote?"

"Sina mzigo, mwanangu," mama akajibu. "Nina kikapu hiki tu." Akakiinua mpaka dirishani kumwonyesha.

Watu waliokuwa nyuma yetu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sista hakucheka. Alinitazama mimi, kalamu bado juu, akasema taratibu, "Mwalimu, namaanisha mzio. Wa dawa."

"Hana, Sista," nikasema. "Andika tuondoke."

Akaandika.

Mzio ni pale mwili unapokataa kitu ambacho wengine wanakila au kukinywa bila shida. Watu wa mjini wanasema aleji. Mama hakuwahi kusikia hata moja kati ya maneno hayo mawili. Mimi nilikuwa nayajua yote mawili, nimeyafundisha ubaoni. Kumgeukia mama na kumweleza kwa lugha yetu kungenichukua muda wa kufunga kamba za viatu. Sikumgeukia.

Tulipewa bahasha ndogo ya vidonge vyeupe vikubwa, vya salfa, viwili asubuhi na viwili jioni. Siku mbili za kwanza mama alipata nafuu, akarudi hata kukamua. Siku ya tatu akasema macho yanamchoma na koo linamwasha. Nikasema ni moshi wa jikoni. Siku ya nne asubuhi akasema, "Hivi vidonge nadhani niviache." Lo! Alikuwa amemgusa mwalimu. Nikamhutubia kuhusu dozi. Dozi haikatizwi, ukikatiza vijidudu vinapata usugu, tumeimba hilo shuleni mpaka watoto wanalisema usingizini. Nikasimama mbele yake na kikombe cha uji mpaka akameza vyote viwili. Jioni nikasimama tena.

Siku ya tano alfajiri nilimkuta midomo imevimba na kupasuka, macho yamejifunga kwa uchafu, kifuani ana mabaka mekundu yanayoelekea weusi, na baadhi yameinuka malengelenge. Nikamshika bega nimwinue anywe maji. Ngozi ya bega ikabaki kwenye kiganja changu.

Nilipiga kelele, majirani wakaja. Mmoja akasema ameungua maji ya moto. Mwingine akasema ni mkanda wa jeshi. Wengine walisimama nje ya uzio mikono nyuma. Kwetu nyumba iliyoingiwa na jambo lisiloeleweka haiingiwi kwa pupa, wala siwalaumu. Jirani mwenye pikipiki akaondoka kumfuata Sista.

Sista alikuja, akawapita wale wa kwenye uzio, akavua viatu mlangoni, akaingia. Na jambo la kwanza alilofanya, mbele ya uso ule ambao mimi mwanaye nilikuwa naogopa kuutazama, aliinama akasema, "Shikamoo, mama." Mama hakuweza kufungua mdomo. Aliinua kidole kimoja. Sista akangoja kidole kile kishuke ndipo akaanza kazi.

Alimtazama mdomoni, machoni, mgongoni. Akaniuliza, "Amekunywa dawa gani?"

"Zile zako."

Akaichukua bahasha kwenye rafu, akachungulia ndani, akaitia mfukoni. "Asinywe tena hata kimoja. Ni dawa hii inayomfanya hivi. Lazima afike hospitali leo."

Basi hapo mdomo wangu ukafunguka. Nilimfuata mpaka uani, majirani wote wanasikia, nikamwambia amemuua mama yangu. Nikamwambia ametoka huko pwani kuja kujifunzia kazi kwenye miili ya wazee wetu. Nilisema na mengine siyaandiki, kuhusu dini yake, na leo nikiyakumbuka masikio yananiwaka. Alikuwa anapiga simu kutafuta gari, simu sikioni, mkono mwingine umeziba sikio la pili ili asikie upande wa pili vizuri, maana mimi nilikuwa napiga kelele. Alipomaliza alisema, "Mwalimu, gari linakuja mpaka darajani, pale barabarani. Tutafute watu wa kubeba kitanda."

Hakusema neno jingine. Na neno alikuwa nalo. Neno moja tu, "Hana," angelirusha pale uani mbele ya kijiji chote na lingenishusha mpaka chini.

Tulimbeba mama na kitanda chake cha kamba hadi barabarani. Wale wa kwenye uzio ndio waliobeba, kwa sababu walipomwona Sista ameingia na kutoka mzima waliona aibu kubaki wamesimama. Ndani ya gari Sista alipiga magoti pembeni ya mama na kunikabidhi chupa ya maji ya dripu. Alikuwa ameosha mikono mpaka viwiko.

"Kope zake zinataka kushikana na jicho," akaniambia. "Zikishikana zitaotana humo humo, na mama hataona tena. Nikifungua, wewe unadondosha. Nikisema tone, unabonyeza."

Barabara ya kwetu kuteremkia Mbulu mjini mnaijua au mmeisikia. Gari linarukaruka, na yule binti anafungua kope za mama kwa ncha ya kidole bila kuzichubua. Tone. Anangoja. Jicho la pili. Tone. Katikati ya kazi hiyo akaniuliza, bila kunitazama, "Hata zamani, mama hajawahi kuugua namna hii? Vidonda vya mdomo, mabaka?"

"Aliwahi," nikasema. "Nilipokuwa mdogo. Alikunywa vile vidonge vitatu vya malaria, vinavyonywewa kwa mara moja, vikamtoa vidonda mdomoni na mabaka mapajani. Huwa anatusimulia. Anasema zile tatu zilini..."

Nikakwama. Hadithi ile niliisikia utotoni mara nyingi kuliko hadithi ya sungura na fisi. Mama aliisimulia kila mtu alipougua malaria: "Zile tatu zilinikataa." Ilikuwa kichwani mwangu siku ile dirishani, nzima, na maneno yake yote. Hakuna aliyeigusa.

Sista alinitazama mara moja tu.

"Tone," akasema.

Nikabonyeza.

Hospitalini daktari alimpima, akasema mwili umeikataa salfa, na umeikataa kwa ukali ule wa kuua. Akasema atatunzwa kama mtu aliyeungua moto, kwa sababu ngozi imetoka kama ya aliyeungua. Akauliza ni nani aliyemwosha macho njiani. Nikamwonyesha. Akamwambia Sista, "Kama mama huyu ataona, ataona kwa sababu yako." Sista akaomba ruhusa akanywe chai, kwa kuwa hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu asubuhi. Mungu wangu, hata hilo sikuwa nimeliwaza.

Kazi ya wiki zilizofuata ilikuwa macho na mashuka. Shuka zangu mpya, nilizonunua kwa kujivunia, zilimganda mama mgongoni na kumchuna kila tulipomgeuza. Sista alipokuja kumwona siku yake ya mapumziko na kuliona hilo, alipapasa ukingo wa shuka kwa vidole. Safari iliyofuata alikuja na khanga saba. Zilikuwa khanga zake za tangu usichana, za nyumbani kwao, zilizofuliwa mpaka zimelainika. Mtu wa pwani na khanga zake mnajua wenyewe. Alizitoa zote saba. Nilizichemsha, nikazipiga pasi ya mkaa, nikamtandikia mama, na kwa mara ya kwanza alilala bila kuguna.

Moja ya khanga hizo ilikuwa imeandikwa ASANTE YA PUNDA MATEKE. Nilikuwa naipiga pasi nikifika kwenye maandishi hayo naona kama natajwa jina. Siku moja nikamwuliza Sista kama aliichagua makusudi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu," akasema, "hiyo alininunulia shangazi yangu, kunisema mimi."

Huyo ndiye mtu niliyemtukana uani.

Kila siku ya mapumziko alishuka kwa pikipiki kwenye ukungu, kilomita zote zile, kumdondoshea mama macho, ingawa manesi wa wodi walikuwa wanafanya vizuri tu. Nilimwambia apumzike. Akasema akikaa nyumbani anamwona mama ameinua kikapu. Ndipo nilipojua kwamba na yeye hakuwa analala vizuri.

Macho ya mama yalifunguka kidogo kidogo. Siku aliyoona sawasawa, kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yake kilikuwa uso wa Sista. Akautazama kwa muda mrefu. "Kumbe ni mtoto hivi," akasema kwa lugha yetu, halafu akaniamuru, "Umpe chakula." Nilitoka nje ya wodi nikalia mpaka mlinzi akaniuliza nimefiwa na nani.

Tulirudi nyumbani mama akiwa na ngozi mpya yenye madoadoa na miwani myeusi. Machozi yalikuwa yamekauka kabisa, visima vyake vimeungua ndani, na mpaka leo anatiwa dawa ya matone ndipo jicho ligeuke. Msibani analia bila machozi. Anasema, "Siku hizi nalia kama mwanaume." Lakini anaona. Anaona sindano, anaona mtoto anayeiba sukari, anaona vazi langu likiwa fupi.

Kijijini maneno yalikuwa hayajalala. Watu walisema nesi anaua, wengine waliacha kwenda zahanati, wakarudia dawa za mizizi hata kwa homa za watoto. Mtendaji akaitisha mkutano. Nilikaa mbele, maana mimi ni ndugu wa mgonjwa na pia mwalimu. Sista alisimama na ushungi wake na koti la wanawake wa kijiji. Nilikuwa nimejua atakachosema. Atasema aliuliza, na atasema ni nani aliyejibu. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka chini ya benchi, na sikuwa na ujasiri wa kusimama kabla yake.

Akasema, "Wazazi wangu, shikamooni. Dawa ile huwasaidia wengi na huwakataa wachache. Mimi ndiye niliyempa mama. Nilimwuliza swali kwa neno lisilotumika hapa, naye hakulielewa, na mimi niliona kwamba hakulielewa. Nikaandika hivyo hivyo. Ilikuwa nimwulize tena. Kosa ni langu, naomba radhi. Na naomba mnifundishe. Kitu hiki, dawa inapomgeuka mtu, ninyi mnakiitaje?"

Watumishi wanaokuja kwetu hutufundisha kunawa mikono, hutufundisha kuchimba choo. Kuomba kufundishwa na sisi ilikuwa mara ya kwanza. Kisha bibi mmoja, aliyekaa chini na wenzake, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kuliko changu, "Sisi tunasema dawa imemkataa."

"Dawa imemkataa," Sista akarudia. Akaitoa kalamu akaiandika mkononi, mbele ya mkutano. "Haya, nawauliza tena. Ni nani hapa ambaye kuna dawa iliwahi kumkataa?"

Jamani. Mikono ilianza kuinuka, mmoja, miwili, halafu ikawa kelele. Huyu dawa ya malaria ilimwasha mwili mzima akajikuna kwa gunzi. Yule kidonge cha rangi mbili kilimvimbisha uso. Mwingine mtoto wake alifariki baada ya dawa, miaka mingi iliyopita, na hajawahi kuulizwa na mtu. Watu wale wote walikuwa wamepita dirishani pale, wameulizwa kama wana mzio, wamesema hapana. Mkutano ulioitishwa kumhukumu nesi uligeuka kuwa foleni. Aliandika majina yao mpaka jua linazama, na mtendaji alimshikia daftari.

Mama hakwenda mkutanoni, lakini alisimuliwa. Jioni Sista alipopita kumtia matone, alimweleza kwamba vile vidonge vitatu vya zamani na hivi vyeupe vina salfa vyote, ni ukoo mmoja.

"Ukoo mmoja?" mama akashangaa. "Basi nimegombana na ukoo mzima."

"Mzima kabisa, mama. Usiwakaribishe hata mmoja."

Tangu hapo pale dirishani palibandikwa karatasi ya manila yenye herufi kubwa: KUNA DAWA ILIYOWAHI KUKUKATAA? Kwa asiyejua kusoma, Sista aliuliza mwenyewe. Kwa asiyejua Kiswahili, alijifunza sentensi hiyo kwa lugha yetu. Aliisema vibaya, kwa lafudhi ya Lindi, kina bibi wanafurahi mpaka wanaomba airudie. Lakini walimjibu. Na mtu akija na mkalimani, hata awe mwanaye wa kumzaa, Sista alimwambia mkalimani, "Mwulize kwanza. Halafu uniambie alichosema yeye." Alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa hilo.

Alikaa nasi miaka mingine mitatu. Alipohamishwa, kijiji kilimuaga kwa kondoo, na wazee walimtafuta mwalimu wa Kiislamu wa sekondari aje achinje ili mgeni wetu ale bila wasiwasi. Nilipanda kutoka Mogitu kwa ajili hiyo tu. Mama alimrudishia khanga zote saba, zimefuliwa na kukunjwa, akazifungia ndani ya shuka jipya zito la kwetu. Nilimvuta Sista pembeni, nyuma ya zahanati, nikamwambia nilichokuwa nimekibeba miaka yote. Nikamwambia nilijua hadithi ya zile tatu. Nikamwambia mkutanoni nilimwachia abebe kosa langu nikiwa nimekaa benchi la mbele.

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa unatetemeka."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Mwalimu, mimi nilifundishwa kuuliza. Wewe hukufundishwa kujibu. Halafu mama alikuwa ndiyo kwanza anapona. Nani angemtia matone, kama angejua na kukukasirikia?"

Nilimwomba radhi kwa yale ya uani, hasa yale ya dini. Akasema ameyasahau. Hakuwa ameyasahau, ila alikuwa na adabu kuliko mimi. Jioni hiyo nilifungua daftari la matibabu la mama nikasoma alichoandika siku ile ya tano. Kaandika aina ya dawa, kaandika dalili, na chini yake: Mgonjwa hakuelewa swali langu. Langu, kaandika. Mimi simo popote.

Kwa hiyo siri ilibaki yangu na Sista tu. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Mara ngapi nilitaka kumwambia mama? Nimekaa naye jikoni tunachambua maharage ya ngwara, neno limefika kooni, nikalimeza. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu alikuwa ameshaanza kutembea. Nilijiambia ni mzee, amepona, nimwache na amani yake.

Mwaka huu mama yuko nami Mogitu. Magoti yanamsumbua na mlima wa kwetu umemshinda. Mwezi uliopita alipata kikohozi, nikampeleka kwa tabibu mpya wa huku, kijana mwenye haraka, ametoka chuoni juzi. Mama akakaa kitini na miwani yake myeusi, kikapu mapajani. Yule kijana akamwamkia, akampima kifua, akavuta karatasi.

"Mama, una mzio wowote?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, safari hii jibu sahihi, salfa, na kadi ya daktari iko mkobani. Ningelisema kwa sekunde moja. Foleni ilikuwa ndefu nje. Mama hakumjibu kijana. Aligeuza uso taratibu mpaka miwani ile ikanielekea mimi, akangoja.

Nikashuka kwenye kiti. Nikachuchumaa mbele ya magoti yake, kijana wa watu anaangalia saa, nikamwambia mama kwa lugha yetu, neno kwa neno: "Mama, anauliza kama kuna dawa yoyote iliyowahi kukukataa, tangu usichana wako mpaka leo."

Mama akasimulia. Alianzia kwenye zile tatu, akasimulia mabaka ya mapajani, akasimulia vile vyeupe, kitanda cha kamba, khanga za mtoto wa Lindi, ukoo mzima. Alichukua muda wake. Nikamfasiria kijana sentensi baada ya sentensi, bila kupunguza hata moja, naye mwishowe akaiweka kalamu chini akawa anasikiliza tu.

Alipomaliza, mama alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya khanga yake. Macho yake makavu yalikuwa mekundu kidogo.

"Leo umeniuliza," akaniambia.